Herufi Zisizo na Mikia

Mpendwa mshauri, msaada nitauomba, ila kwanza ujue unaongea na mtu mwenye bahati, maana nina miaka sitini na mbili na macho yangu ni ya kijana, nasoma bango la ng'ambo ya barabara bila miwani huku wenzangu wakishika gazeti kama wanalinusa. Mimi ni mchora mabango, shule niliachia darasa la sita lakini mji mzima unasoma mkono wangu, na herufi zangu zina mikia, vivuli na mikunjo, M yangu ina masharubu kunishinda mimi.

Sasa binti yangu, niliyemshikisha brashi kabla ya kijiko, kaenda kusomea uchoraji wa kompyuta, karudi na herufi alizobuni mwenyewe, zimenyooka tupu, unene mmoja kama bomba la maji, a ni duara limeegemea fimbo, O kama kachora kwa mfuniko wa kopo. Nikamwambia, "Mwanangu, hizi zimetoka kuoga, zivishe nguo." Akacheka, "Baba, zimevaa, ila hazijajipodoa." Tukapata kazi ya zahanati, mabango ya milango yote, mganga mkuu akazitaka za binti, nikazipaka kwa adabu, ila binti alipotoka kununua rangi mkono ukaniwasha, bango la maabara nikalitia mikia saba na kivuli, kesho yake bibi mmoja akalipita mara tatu, akaishia kwa daktari wa meno na kichupa chake cha mkojo, akakiweka mezani. Binti kavua ovaroli, kasema, "Baba, chagua, mikia au mimi," kahamia kwa shangazi yake, leo siku ya tisa, karakana kimya, sasa nimlaumu nani?

Fundi Masharubu

Fundi Masharubu,

Pole kwa upweke, ila pole kubwa nampa daktari wa meno. Unauliza umlaumu nani? Huna kioo hapo karakana? Mikia yako ipeleke kwa vinyozi, huko inapendeza na haimpotezi mtu. Mgonjwa anatafuta mlango, hatafuti maonyesho. Nenda zahanati, simama mwisho wa korido, soma mabango yake, kisha lako. Halafu shika rula upime hiyo O kabla hujataja mifuniko. Ukimaliza, ovaroli uipeleke mwenyewe, usitume mtu, useme "nimekosa" na unyamaze hapo hapo.

Wiki hiyo hiyo aliniandikia tena:

Mshauri, nimepima. O yake imevuka mstari juu na chini, upana wa unywele tu, maana duara lisipovuka huonekana dogo, na hilo nilimfundisha mimi akiwa na miaka tisa. Kumbe mkono wangu umo humo humo kwenye kompyuta yake! Nimesema nimekosa, ovaroli kaivaa, maabara tumeipaka upya pamoja. Ya korido? Mabango yake niliyasoma yote. Langu nilidhani ni picha ya pweza. Yale ya macho nilidanganya. Sioni mbali, na miwani naificha kwenye kopo la brashi mwaka wa nne huu.