Bawa la Bundi Kwenye Kopo la Biskuti

Idrisa, uliyekuwa mchumba wangu,

Neno "mpendwa" nimelitafutia mahali pa kuliweka nikapakosa, basi tuendelee bila hilo. Ujumbe wako nimeupata. Umesikia kwamba mwezi huu natetea tasnifu yangu ya udaktari kuhusu mapanga ya feni, unanipongeza, na unaomba nikuwekee kiti cha mbele. Ukamalizia na yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele ilikuwa yangu, Idrisa, wewe ulikuwa mtazamaji. Nakujibu hadharani kwa sababu uliponiacha niaibike ilikuwa hadharani.

Unakumbuka tulivyokutana? Darasani chuoni, mwezi wa kumi, jua la Dodoma limekaa juu ya bati kama linatudai. Mapangaboi manne yananguruma. Ukapaza sauti kutoka nyuma, "Zimeni feni, hatumsikii mwalimu!" Nami nikajibu, "Ziacheni, tutakufa humu!" Kipindi kilipoisha ukanifuata, ukaniuliza kwa nini mtu achague kati ya kusikia na kupumua. Nililichukua swali lako nikalifanya kazi ya maisha yangu. Wewe ukapata ofisi, meza na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na sikumbuki kama umewahi kuuliza jambo jingine la maana.

Nilikueleza utafiti wangu ukauelewa, na ndiyo maana nakudharau. Mjinga ningemhurumia. Nilikwambia kelele nyingi za feni hutoka pale panga linapoupasua upepo. Nikakwambia bundi huruka bila kusikika kwa sababu ukingo wa mbele wa bawa lake una meno madogo kama ya kitana, na kwamba nikiyachonga meno ya namna hiyo kwenye panga la feni, na panga lenyewe nikalipinda vizuri, litatulia na litakula umeme kidogo. Ulikuwa unawaeleza hata rafiki zako, tena kwa mbwembwe.

Asubuhi ile tukitoka Kondoa kwenye harusi ya binamu yako, mimi naendesha gari la kuazima, ni wewe uliyepiga kelele, "Simama, simama!" Bundi alikuwa amegongwa, amelala kando ya lami. Ulishuka wewe. Ulimfunga kwenye gazeti wewe. Ukajipiga naye picha, ukampakata hadi Dodoma, huku unacheka, "Hii hapa PhD yako, Zai." Nilikupenda siku ile kuliko siku nyingine yoyote, na kukiri hivyo kunaniuma hadi sasa.

Bawa nililikausha kwa chumvi, nikaliweka kwenye kopo la biskuti, lile la bati la duara, chini ya kitanda changu pale Chang'ombe. Kosa langu ni hilo. Nani katika nchi hii asiyejua kwamba ndani ya kopo la biskuti mna sindano na uzi? Mama yako alipokuja kumtazama mkwe mtarajiwa, pindo la gauni likamfumuka, akainama mwenyewe kutafuta sindano ili asinisumbue. Akafungua.

Sikumlaumu kwa ukunga aliopiga. Amekua akijua bundi akilia juu ya paa kuna msiba, na sasa anakuta bawa lake uvunguni, limekatwa, limehifadhiwa na mwanamke anayetaka kuolewa na mwanawe. Wapangaji wote wakatoka uani. Akakuuliza mbele yao, "Idrisa, hili unalijua?" Ilitakiwa sentensi moja tu: mama, nililiokota mimi. Nilikutazama. Ukatazama viatu vyako, ukasema, "Mimi mambo yake siyajui, mama."

Kisha ukaomba kiberiti. Wewe, mwenye shahada ya sayansi, ulimwaga mafuta ya taa kwa mkono wako, ukasimama na uso wa msibani huku bawa ambalo sijamaliza kulipima linageuka moshi. Kesho yake akaja mshenga wako, kanzu imenyooshwa pasi, akaniambia kheri iko mbele. Hata kuvunja uchumba ulituma mtu.

Mwenye nyumba akanipa notisi. Muuza duka akawa anauweka mkate juu ya meza na kurudi nyuma ndipo niuchukue. Na mama yako, nilipokutana naye sokoni, nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akapita. Miaka mitatu nampa shikamoo yule mama, na miaka mitatu haiitikii. Nilinyamaza kwa sababu kumwambia mzazi kwamba mwanawe ni mwongo niliona si kazi yangu. Nilikungoja uifanye wewe.

Nikahamia Kizota, karibu na karakana. Chumba cha majaribio nilikifunika magodoro na trei za mayai kuta zote, ili kelele ninayoipima iwe ya feni peke yake. Meno nikayachonga kwa tupa, nakisia pale ambapo bawa lingenionyesha, naharibu, naanza upya. Fundi bati akaniuliza, "Dada, hili ni feni au msumeno?" Vumbi la Dodoma likaja likayaziba yote, nikayapanua. Kiberiti chako kilinipotezea mwaka mzima. Leo panga langu linazunguka na unamsikia anayenong'ona chini yake, na kwenye ukurasa wa shukrani jina lako halimo.

Ujumbe wako ulipofika nilikujibu kwanza faraghani, nikakwambia kiti utakipata ukimweleza mama yako ukweli. Ukaniandikia, "Mama ana presha, Zai, tusimshtue." Hiyo presha unadhani kaitoa wapi?

Juzi baada ya alasiri nilikwenda mwenyewe nyumbani kwenu, ukiwa kazini. Nilisimama mlangoni nikasema yote bila kupumzika: gari, lami, gazeti, mapaja yako. Nikamwonyesha ile picha uliyonitumia siku ile, umemkumbatia bundi, meno yote nje. Hakupiga kelele. Alikaa mkekani.

"Kwa hiyo alijua?"

"Alijua, mama."

"Miaka mitatu nalala taa inawaka," akasema. "Kila siku namwambia mwanangu naogopa. Ananiambia nizidishe dua."

Hapo ndipo nilipoona dharau yangu yote ya miaka mitatu ilikuwa haijatosha. Mimi uliniacha, sawa, wachumba huachwa. Lakini huyu ni mama yako. Ulimsikia akihangaika chumba cha pili, dawa unayo mdomoni, ukaimeza wewe.

Aliniomba radhi kwa sauti, mlango wazi, jirani yenu kaacha kufua anasikiliza. Kisha akaniuliza utetezi ni lini, na je, watu huvaa nini huko. Kwa hiyo kile kiti cha mbele kimepata mtu, atakaa mama yako. Amesema usimfuate chumbani kumweleza chochote. Ukiwa na la kusema, ukalisemee uani kule Chang'ombe, mbele ya wale wale, na yeye atakuja kusikiliza amesimama.

Sikuombei mabaya. Nakuombea uulizwe tena, na safari hii ujibu.

Aliyekuwa mchumba wako,
Zaituni