Mama Amefuata Tarumbeta ya Mtu Mwingine

Butembo, tarehe 15 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Jean-de-Dieu,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Je, u mzima? Kifua kinakuruhusu kupiga tarumbeta? Na chakula unakula, au bado ni chai na mkate? Sisi tunamshukuru Mungu. Watoto nimewaacha Beni na baba yao, wote wazima. Mimi nimekuja huku kumpeleka Mama kwa daktari wa masikio.

Video yako tumeipata, ile ambamo unapiga jazi hotelini huko Kampala kisha unashusha tarumbeta na kuimba. Koti limekupendeza, ingawa umekonda. Mama aliniuliza huyo mwanamke unayemlilia kwa Kiingereza ni nani, na kwa nini asikurudie basi upumzike. Nikamwambia ni nyimbo za zamani tu, za watu wengine. Hakuamini. Kuhusu jazi yenyewe alisema: «Anaanza wimbo muzuri, kisha anautoroka. Lakini anarudiaka.»

Sasa habari ya masikio. La kushoto limekufa kabisa. La kulia linafifia, na daktari hakutuficha: hakuna dawa ya kulirudisha. Simu anaibana sikioni mpaka inamwachia alama, na bado anasema sauti hiyo si wewe.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba nikitwanga majani ya muhogo ya sombe. Fanfare ya parokia ikapita barabarani na tarumbeta zake ikisindikiza maiti. Niliporudi mbele, Mama hayupo. Tulimtafuta kwa majirani wote, mpaka Mjomba Sikuli akamkuta makaburini na ndala zake za nyumbani, ameketi pamoja na wafiwa. Alikuwa amefuata tarumbeta mpaka huko! Watu wale hawakumjua. Walimwona analia wakadhani ni wa ukoo, wakampa kiti.

Nilipomuuliza, akasema: «Nilisikia Jean-de-Dieu. Nikasema, mutoto amefika, hata nyumbani hapana amepita kwanza, kazi imemukamata.»

Aliyekuwa akipiga ni Vagheni, yule uliyemfundisha kabla hujaondoka. Anapiga kama wewe, hata ile pumzi ndefu ya mwisho.

Nilimcheka mbele yake, kisha nikaenda jikoni nikalia. Najua kilichokuondoa: ile miaka ya mazishi mengi Beni, wewe na tarumbeta yako mbele ya majeneza kila wiki. Uliapa hutapiga tena kaburini, na hakuna anayekulaumu. Lakini miaka sita, ndugu yangu! Magari ya Kampala yanafika hapa na vitenge na mabeseni, kila kitu kinashuka isipokuwa wewe. Nimekukumbuka mno. Nikisikia mtu anapiga mluzi barabarani, nageuka.

Mama amenituma, naandika kama alivyotamka: «Siku ya kunizika, asijisumbue kupiga. Hapana nitasikia. Akuye sasa, apige hapa nyumbani mu salon, hata jazi.»

Mjomba Sikuli anakusalimu, pamoja na binti yangu Nadège kwa simu kutoka Beni, na Vagheni, ambaye tangu siku ile anaona haya kupita kwetu. Mungu akufungulie njia na akulinde mpakani.

Mama peke yake amekataa kutuma salamu. Anasema zake atakupa mwenyewe, kwa mdomo, na wewe umjibu kwenye sikio la kulia.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,

Kavira