Kayaki Yangu Imekatwa kwa Msumeno

Abu Hamour, Doha

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Mguu umepona, au bado unakanyaga cherehani kwa mmoja? Mama anakula vizuri? Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka.

Si unajua kazi yangu, kuosha kayaki za kukodisha, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki? Basi akaja mteja, mama wa Grinlandi, kule kwenye barafu. Akaniambia, "Kijana, hiki ni chombo cha mababu zetu." Kilianzia upande wa Alaska, kikasambaa mpaka kwao, kila pwani ikakipa umbo lake. Miti hawana! Waliokota magogo yaliyotupwa na bahari, wakafunga kiunzi, wakakivika ngozi ya sili, mnyama wa bahari ya baridi. Wazungu wawinda nyangumi wakakiona, wakabeba kwao. Leo ndiyo hii plastiki, saizi moja kama sare ya shule. Zamani kila mtu alipimiwa yake: urefu pima tatu za mikono yake, upana nyonga zake na ngumi mbili. Na washonaji ni wanawake. Mshono ukivuja, mume harudi.

Nikasema, mdogo wa fundi Mwanaidi nishindwe? Mudiri, ndiye meneja wetu, akaniruhusu mwenyewe nijiundie yangu. Mbao za paleti za mizigo, turubai kuukuu, na mshono wako ule wa kukunja mara mbili. Haikuvuja tone! Nilivyoipiga kasia, wenzangu midomo wazi.

Mudiri akaingiwa na wivu. "Shuka, nijaribu."

"Bosi, imepimiwa kiuno changu. Chako cha watu wawili."

Wateja wakacheka. Akajikamulia humo kwa ubishi, akakwama, ikapinduka, tukamvuta kama kizibo. Maji yanamtoka puani, akafuata msumeno, akaikata vipande viwili mbele yangu. "Mbovu! Imepimwa vibaya!"

Imepimwa vibaya? Yeye ndiye kapimwa vibaya! Lakini kibali changu cha kazi kiko mkononi mwake, nikanyamaza. Mimi, na mdomo huu unaoujua, nikanyamaza! Hilo ndilo linanichoma mpaka sasa.

Yule dereva jirani yetu aliyekuja huko likizo, akirudi huku, mpe sindano nene na uzi wa kushonea mikoba. Turubai lingine nimeshaliokota. Mbao kakata, pima zangu hajazikata.

Msalimie Mama, shemeji mpenda usingizi, na mjomba seremala. Mwambie huku kuna mtu hajui msumeno ni wa kujengea.

Mdogo wako, mikono bado ninayo,
Juma