Parachuti Uliyoipiga Pasi

Mama yangu,

Kamwene, nakusalimu kwa lugha ya nyumbani. Najua ungeniuliza kwanza kama nimekula, halafu kama Mbeya bado kuna baridi. Nimekula. Baridi ipo, ila ya kwetu Kilolo bado inaongoza.

Nakuandikia kwa sababu ya roketi. Unaikumbuka likizo ile niliporudi na pua moja na mapezi matatu ya plastiki, niliyoyachapa kwa mashine ya chuo? Uliyageuzageuza, ukayagonga kwa kucha. "Haya nayo yamechapwa? Kama kitabu?" Kisha ukaingia ndani, ukatoka na bomba gumu la karatasi lililobaki baada ya kuisha jora la kitambaa. Pua ikaenea juu yake utadhani ulipima.

Tuliiunganisha kwenye meza yako ya kushonea, katikati ya sare za kwaya zilizokuwa zinasubiri vifungo. Mimi mapezi na injini, wewe parachuti. Ulikata bitana ya njano, ukapinda kingo kwa cherehani, ukafunga nyuzi nane zenye urefu mmoja. Sijawahi kuona mshono mzuri vile kwenye kitu cha kuanguka.

Asubuhi tukapanda hadi uwanja wa shule, nusu ya kwaya nyuma yetu. Mama, iliruka! Ulipiga vigelegele mpaka mtandio ukakudondoka. Halafu ikageuka, ikarudi chini moja kwa moja na kujichimbia kwenye maharage ya mchungaji. Parachuti ilikuwa bado mle ndani, imekakamaa kama kola ya shati. Ulikuwa umeitia wanga na kuipiga pasi.

"Sasa mwanangu," ukasema, "kitu kinapanda juu kote kule, watu wote wanatazama, kiende kimekunjamana?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikwambia mbele yao wote, "Mama, mambo usiyoyajua uwe unauliza." Uliinama, ukaokota vipande vya plastiki kwenye maharage, ukavifunga kwenye pindo la kitenge chako. Kesho yake nikapanda basi kurudi Mbeya, na samahani yangu nikaiwekea likizo ya Pasaka. Hukuifikia Pasaka.

Mwezi uliopita dada alifungua droo ya cherehani yako, akanitumia kwa basi alichokikuta: mfuko wenye vile vipande, na parachuti nyingine ya njano. Mpya. Haina wanga. Imekunjamana hasa, mama, wewe uliyekuwa ukipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Nililia palepale kwenye ofisi ya mizigo, karani akaniletea kiti.

Nilitaka kuitunza sandukuni. Niliogopa upepo ukiichukua sitakuwa nayo tena. Lakini hukuishona ikae sandukuni. Kwa hiyo Jumamosi nilichapa pua na mapezi mapya, nikatafuta bomba jingine la karatasi, nikaenda uwanja ulio nyuma ya chuo, peke yangu.

Roketi ikapanda. Ikasita kule juu. Kisha parachuti ikafunguka yote, njano tupu, ikashuka taratibu hadi nikauona mshono wako.

Nisamehe, mama. Nimeikunja tena kwa ajili ya safari nyingine, na pasi sijaigusa.

Ni mimi,
kitinda mimba wako