Walipoishika Mikono ya Kiti

Jumanne, Kabuku

 Kabla ya hotuba yangu, vijana wawili walininyanyua na kiti changu cha magurudumu hadi jukwaani bila kuniuliza. Walishika mikono ya kiti, nayo huchomoka. Nilijiona naanguka.

Kwenye hotuba nikawaeleza watu taratibu: mtu mwenye ulemavu aulizwe kwanza, uongozi huanzia hapo. Wakapiga makofi.

Mwishoni kijana mmoja akarudi. "Shikamoo mzee. Tukushushe?"

"Marahaba. Shikeni vyuma vya chini, hiyo mikono inachomoka."

"Kumbe! Sasa babu, si ungesema mapema?"

Ningesema, lakini waliponinyanyua niliogopa hata kuwaambia wasubiri.

Kesho nahutubia Kwamsisi, na jukwaa ni tela la trekta. Mke wangu anadhani naogopa hotuba. Naogopa nitanyamaza tena wakininyanyua.