Dosiye Iliyopotea Magara

Mpwa wangu Zaituni,

Kuna jambo nimekuficha tangu ulipoondoka Rumonge kwenda Kigoma. Nitalisema humu humu, maana kifua changu hakina tena nguvu ya kulibeba. Lakini kwanza nina hasira, na hasira yangu ina watu wengi, nawe umo.

Leo asubuhi sekreteri mpya wa chama cha wakaushaji wa dagaa, hizi ndagala zetu, amekuja kunisomea ombi la vichanja vya waya. Alilituma kwenye kundi la simu, kila mama akasahihisha kopi yake, na sasa hakuna anayejua ipi ni ipi. Moja inaitwa "ya mwisho". Nyingine "ya mwisho kabisa". Nyingine "ya mwisho ya Mama Asha". Nimemfokea mpaka pumzi ikaniishia.

"Zaituni hakuwafundisha?"

"Mwalimu, huyo mwizi tusimutaje."

Mwizi! Mtoto niliyemlea baada ya dada yangu kufariki, wanamwita hivyo kitandani pangu, na mimi nikanywa maji.

Nakumbuka ulivyotufundisha kule Magara, wamama wamekaa mchangani, ndagala zinakauka pembeni. Ulisema dosiye, yaani faili la ombi letu, ni moja tu, inakaa mtandaoni, sisi ndio tunaoifuata kwa simu zetu. Asiyekubaliana na sentensi aandike neno lake pembeni, asiifute ya mwenzake. Jina la faili liseme ni kitu gani na cha tarehe gani. Kila mtu awe na neno lake la siri, si kumwachia mtoto wa jirani. Na anayekwenda mahali pasipo na rezo ya mtandao aihifadhi kwanza kwenye simu, aifanyie kazi huko, ikirudi rezo itajipeleka yenyewe. Mambo mepesi. Nimefundisha shule miaka mingi, sijaona somo lililoeleweka upesi namna ile.

Kisha ukafika kwenye ruhusa. Ukasema wengine wataandika, wengine watasoma tu. Mimi uliniweka kwenye kusoma tu, kwa sababu vidole vyangu vinatetemeka. Mama Asha, kiongozi wa chama, akapiga makofi akicheka.

"Ehee, Mwalimu! Umepewa kuangalia tu, kama mutoto kwenye dirisha ya arusi! Pilau unaiona, kula hapana!"

Walicheka wote. Hata wewe ulitabasamu, nilikuona. Kwetu mtoto hampimii mjomba wake ruhusa mbele ya watu. Nilikuita nyumbani nikakwambia sitaki hata hiyo ya kuandika. Nataka dosiye iwe kwa jina langu. Ulijaribu kunionya.

"Mujomba, mwenye dosiye akifuta, inapotea kwa wote. Inayoonekana kwa simu si kopi. Tuweke kwanza nyingine mahali pengine."

"Unanifundisha adabu?"

Ukainamisha kichwa, ukanipa.

Hapo ndipo ninapokukasirikia wewe. Ulijua kazi yako kuliko sisi wote, kwa nini uliinamisha kichwa? Dosiye ya chama ilipaswa kuwa na wamiliki wawili, mmoja akikosea mwingine aokoe. Uliyajua hayo, ukayameza kwa ajili ya mvi zangu. Heshima ya namna hiyo imetuangamiza.

Simu yangu ilijaa video za arusi ya mtoto wa Mama Asha. Nikaanza kufuta ili nipate nafasi. Nikaiona dosiye, nikadhani hii ni ya simuni tu, ile yenyewe iko huko mtandaoni. Nikaifuta. Kesho yake wamama wakafungua, hakuna kitu: picha za vichanja vilivyomezwa na ziwa, vipimo vya uwanja mpya, maelezo ya kila mmoja wao. Na ombi lilitakiwa kupelekwa wiki hiyohiyo.

Wewe ulikuwa ndiyo kwanza umerudi kutoka Bujumbura, basi wakasema ulikwenda kuiuza kwa chama kingine. Mama Asha alikuonyesha kidole usoni. Ukageuka kwangu, mbele ya wote, kwa sauti ndogo:

"Mujomba, dosiye sasa iko kwa jina lako. Hebu angalia kwenye kapu la taka. Kinachofutwa kinakaa humo kwa muda, kinaweza kurudishwa."

Nilivaa miwani. Nilifungua. Nikasema hakuna kitu. Nawe uliniamini! Ungeninyang'anya simu, Zaituni! Ungepiga kelele! Badala yake ulifunga mzigo wako.

Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe kabla sijazikwa. Nimemwambia sekreteri barua hii aiweke kwenye dosiye mpya ya chama, wakaushaji wote waisome, na ruhusa iwe ya kusoma tu, asipatikane wa kubadilisha neno. Hata mimi nimejiwekea hiyo. Kaa salama huko ng'ambo, mwanangu.

Dosiye ilikuwemo kapuni. Niliiona, nzima, na jina lake ulilolipa. Kuirudisha kulitaka kidole kimoja, lakini Mama Asha alikuwa amenikazia macho, nikaizima simu.

Mjomba wako