Maua ya Kitandani kwa Mama

Majimbo, Jumapili jioni

Bado nimemkasirikia wifi yangu, ingawa najua nia yake ilikuwa njema.

Nilipofika nyumbani leo kumwona Mama, nilikuta gilasi ya maua ya zambarau kando ya kitanda chake. Ni magugu maji, yale yale yaliyolifunika bwawa letu mpaka maji hayaonekani. Wifi aliyachuma ukingoni, pale Mama alipokuwa akilima nduma, yale magimbi ya majimaji. Nduma zenyewe zilisongwa na magugu hayo zikaoza.

Mama hajui. Tangu miguu ilipokataa kumbeba hajashuka bwawani, na hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia. Kwake yeye maji bado yanang'aa, samaki bado wanaruka, na sisi watoto tunaoga huku akifua na kutupigia kelele tutoke. Natamani kuisikia sauti ile tena, hata kama ni ya kunigombeza.

Nilishuka peke yangu nikasimama ukingoni. Hata chura sikumsikia. Kulikuwa na harufu ya uozo tu.

Niliporudi nikaichukua gilasi ili nikayatupe maua. Mama akanishika mkono.

"Yaache, mwanangu. Sijawahi kuona maua mazuri hivi. Yanapenda maji?"

"Sana, Mama."

"Basi ukishuka, uyapande pale bwawani. Nikipata nafuu nitaenda, niyakute yamejaa."

Nilirudisha gilasi mahali pake.

"Utayakuta, Mama."